Vidole Vyangu kwenye Sahani ya Mukwe

Kwa miaka mingi nilikula peke yangu, na nikafanya watu waamini kwamba ule ni ukubwa. Nilikuwa na meza yangu, kiti changu chenye mikono ya mbao ya libuyu, sahani yangu na uma wangu. Wageni wakija, mke wangu aliwatandikia mkeka, akawawekea bugali na sombe ya majani ya muhogo, wakanawa na kula kwa mikono katika sahani moja kama watu wote wa Kasongo. Mimi nikabaki juu, nikichoma nyama kwa uma kama mzungu wa misheni. Wengine waliniita Pédégé, yaani mkurugenzi mkuu. Nililipenda jina hilo. Nilikuwa nimelitafuta kwa jasho langu.

Ukweli ni kwamba nilikuwa naficha vidole.

Nitavieleza mara moja, nisirudie. Pembeni ya kila kucha ngozi ilikuwa imechunika, nyekundu, mahali pengine nyeusi kwa damu iliyokauka. Gumba la kushoto lilikuwa baya kuliko vyote. Ncha za vidole viwili vya mkono wa kuume hazikuwa tena na ile mistari ambayo Mungu aliwapa watu. Hakuna mdudu aliyefanya hivyo. Nilifanya mimi, kwa kucha zangu mwenyewe, kila siku, nikiwa nimekaa, nikiwa naongea na watu, nikiwa nacheka.

Tabia hiyo ilivyoanza, najua. Niliacha shule darasa la nne, nikapanda Salamabila kwenye mashimo ya dhahabu. Sikuwa na mtu huko. Jioni, tukishaosha mchanga, mwenye shimo alipima kila kitu, isipokuwa kile kilichobaki mwilini mwako. Basi sisi wachimbaji tulikaa kwenye mawe, tukaanza kujichimba wenyewe. Unachukua mwiba, unapitisha chini ya kucha, unafungua nyufa za kiganja, unabandua ngozi ngumu uone kama punje imejificha. Mara nyingi hamna. Mara moja moja inang'aa. Nilikuwa fundi wa kazi hiyo, nasema bila aibu. Wenzangu walikinywea pombe kile walichookota kwenye kucha. Mimi nilikiweka ndani ya unyoya wa kuku, nikaufunga kwa nta. Kwa unyoya ule nilinunua mzani. Kwa mzani nikawa mnunuzi. Leo pikipiki nne zinazopanda Salamabila ni zangu, na nyumba yangu ya matofali ya kuchoma unaiona kabla hujafika sokoni.

Lakini gumba halikusikia kwamba tumeshatajirika. Liliendelea kutafuta.

Watu wakiuliza, niliwaambia ni zebaki, ile dawa ya maji tunayoshikia dhahabu. "Zebaki imenila," nilisema, na nikanyoosha kifua. "Dhahabu haitoki bure." Nikafanya kidonda changu kuwa medali. Na kwa sababu zebaki inaogopwa kweli, hakuna aliyetaka kula nami sahani moja, wala mimi sikuwalazimisha. Kila mtu alikuwa na amani.

Halafu binti yangu wa kwanza akapata mchumba.

Kijana ni mwalimu wa shule ya msingi kule Wamaza. Baba yake ni mlimaji wa mpunga na karanga, mzee mfupi, mwenye sauti ndogo. Kwetu, jamaa wa mvulana wanakuja na jogoo, anapikwa nyumbani kwa msichana, na wazee wawili wananawa katika beseni moja na kula sahani moja. Baba wa msichana ndiye anayempasua jogoo kwa mikono yake, na firigisi anampa baba wa mvulana. Kabla ya firigisi kupita mkono kwa mkono, mnaweza kuongea hata mwaka, hakuna ndoa.

Niliijua desturi hiyo. Nilikuwa nayo kichwani wiki nzima, na wiki nzima vidole vyangu vilikuwa vibichi.

Walifika watu wanne. Binti yangu alipika vizuri, akaweka sahani kwenye mkeka, akapiga magoti na beseni na jagi la maji. Mimi nilibaki mezani. Mikono yangu ilikuwa chini ya meza, na hata wakati ule gumba lilikuwa kazini.

"Mukwe," yule mzee aliniita, na bado hatukuwa wakwe. "Shuka. Jogoo anapoa."

"Kuleni ninyi," nilimjibu. "Mimi na kula kwa mikono tuliachana. Mikono iko ya watu wa jembe. Jembe nilikwisha kuliacha, miaka mingi."

Mtu mmoja alicheka. Alikuwa mimi.

Mzee akaangalia mikono yake, juu na chini, kama mtu anayetafuta kitu alichokisahau hapo. "Kweli," akasema. "Ya kwetu iko na udongo." Akachukua kifuniko, akafunika sahani taratibu. "Mama, aksanti kwa kupika. Njia iko mrefu, tuache twende."

Wakaondoka na njaa yao. Jogoo wao akabaki kwenye mkeka wangu, mzima, na firigisi yake.

Binti yangu hakulia mbele yangu. Alibeba beseni lenye maji safi ambayo hayakumnawisha mtu, akaenda kuyamwaga nyuma ya nyumba. Toka siku hiyo akawa ananiamkia tu, "Jambo papa," basi, kama unavyomwamkia askari wa barabarani.

Mke wangu ndiye aliyesema. Aliingia chumbani, akafunga mlango.

"Sasa zebaki yako imekula ndoa ya mutoto. Umeshiba?"

"Mama, usinizungumzie hivyo. Nani anakulisha ndani ya hii parseli, hiki kiwanja changu?"

"Na nani anafagia chini ya kiti chako?"

Sikuelewa.

"Uliza! Mutu mukubwa kama weye, hujawahi kujiuliza ile ngozi unayotupa chini inaenda wapi? Mutoto wako. Tangu iko na miaka saba. Anaamuka mapema, mbele ya wageni kufika, anafagia ngozi ya baba yake, anaitia motoni, mutu asiiokote kukuroga nayo. Hajawahi kusema neno. Nawe umemufukuzia wakwe sababu ya uma."

Nilikaa kitandani. Nilidhani ninaficha kitu, kumbe kuna mtoto aliyekuwa anakificha kwa niaba yangu, kwa ufagio. Nikaangalia chini. Gumba lilikuwa limeanza. Mbele ya mke wangu anayenifokea, lilikuwa limeanza.

Pomadi nilizijaribu zote. Majani ya waganga wa Kizimba, majani ya Kibangubangu, sabuni ya njano, maombi ya siku tatu bila kula. Safari hii mke wangu alinipeleka kituo cha afya, kwa muganga mmoja, mwanamke kijana aliyesomea Bukavu magonjwa ya ngozi na ya mawazo. Angeweza kuwa binti yangu. Niliingia nimevaa glavu za pikipiki, na jua lile.

"Papa, toa glavu."

"Ni zebaki, mama muganga. Kazi ya wanaume. Miye si mutu wa hivi hivi, uliza sokoni watakuambia..."

"Nitauliza. Toa glavu."

Akaugeuza mkono wangu kwenye mwanga wa dirisha, kidole kwa kidole. Hakushtuka. Hilo lilinikasirisha kidogo.

"Hii zebaki iko na akili," akasema. "Imeruka hapa ambapo gumba halifiki. Hapa imekula upande mumoja tu. Papa, zebaki yako iko na kucha."

Mke wangu akageukia ukuta. Najua alikuwa anacheka, au analia, sikumwangalia.

"Sasa nionyeshe," muganga akasema.

"Nikuonyeshe nini?"

"Vile unafanya. Pole pole, kama unamufundisha mutu kazi."

Nimewahi kusimama mbele ya watu wenye bunduki nikiwa na dhahabu ndani ya soksi, nikawasalimu nikapita. Pale niliangalia mlango. Kufanya kitu kile kwa kutaka, mbele ya macho ya watu, ilikuwa kama kuvua nguo. Nilifanya. Gumba likatembea pembeni ya kidole cha pete, likapapasa.

"Simama hapo. Mbele ya kuvuta, gumba linafanya nini?"

"Hakuna."

"Rudia."

Mara ya tatu ndipo nilipoliona. Lilikuwa linatafuta ukingo. Likikuta ngozi laini linapita, likikuta kijinundu linasimama na kufurahi. Miaka yote hiyo sikuwa nimewahi kuliangalia.

Aliniambia si uchawi, si uchafu, na si kwamba mimi ni mlegevu. Alisema kuna watu wanaong'oa nywele zao, wanaotafuna kucha mpaka damu, wanaojikuna mahali pamoja hadi panakuwa gamba. Wengi wanajificha kama mimi. "Mukono umejifunza kazi," akasema. "Hauachi kwa kufokewa. Unaacha kwa kupewa kazi ingine. Lakini kwanza tujue unafanya wakati gani." Akanipa kaye na biki, daftari na kalamu. Niandike kila mara mkono ukienda: saa, mahali, na nilikuwa ninafanya nini.

"Nitakuletea imejaa," nilisema kwa sauti ya Pédégé.

Baada ya wiki nilimrudishia tupu. Nikamwambia mvua ilinikuta njiani, maandishi yalifutika. Aliigeuza ile kaye, kavu kama siku aliyonipa. Akaniomba nimsomee maneno aliyokuwa ameandika kwenye jalada. Nikasema miwani nimesahau. Mimi sina miwani.

Alitoka, akaongea na mama mmoja anayeuza chini ya ukuta wa kituo, akarudi na konzi ya mahindi makavu. "Weka mufuko wa kuume," akasema. "Kila mara mukono ukienda, punje moja ihame mufuko wa kushoto. Mangaribi mama atakuuliza ya wapi na ya wapi."

Siku ya kwanza mfuko wa kuume ulikwisha kabla ya saa sita mchana.

Mahindi hayadanganyi. Jioni nilikaa na mke wangu, tukayamwaga kwenye ungo, nikajaribu kukumbuka: hizi nilikuwa kwenye kiti, hizi nilikuwa nasubiri simu ya Salamabila. Na kundi moja kubwa likawa linarudi kila siku. Ni pale mtu anaponiwekea karatasi mbele. Karatasi ya ushuru, ya parseli, ya kanisa, yoyote. Ninakunja uso kama msomi, natikisa kichwa, na chini ya meza ninajichuna. Mke wangu aliangalia kundi lile la punje, hakunicheka. Nafikiri alikuwa amejua siku nyingi kwamba kusoma kwangu kunaishia kwenye namba.

Kazi mpya ya mkono ilikuwa ndogo hata kuitaja: funga ngumi, gumba ndani, usikaze sana, weka mkono juu ya paja na uvute pumzi taratibu mpaka ile hamu ishuke. Inashuka. Kwanza inapanda kama mtu anayekugongea mlango kwa hasira, halafu inashuka. Vaselini asubuhi na jioni, kingo zisiwe ngumu. Na mke wangu akapewa neno la kuniamsha mbele ya watu bila kuniaibisha. Alichagua "Mvua inakuja." Tulikuwa tunaingia kiangazi, hakuna wingu mpaka Kabambare. Majirani wakaanza kusema mke wa Pédégé anaota mchana.

Muganga aliniambia pia nifunge gumba kwa bandeji. Hapo ndipo yeye na masomo yake ya Bukavu hawakuijua kazi yetu. Nilipanda Salamabila na bandeji, nikakaa nyuma ya mzani, nikachota mchanga wa dhahabu wa kijana mmoja mchimbaji. Akaruka kama aliyeumwa na siafu.

"Pédégé! Toa kitambaa!"

"Nina kidonda."

"Kila mwizi iko na kidonda! Dhahabu yangu inaingia mule! Toa, uchome hapa tuone kama haitang'aa!"

Wachimbaji wakajaa mlangoni. Mnunuzi ambaye vidole vyake vimefunikwa hanunui dhahabu. Hilo nililijua tangu nilipokuwa mimi ndiye ninayepiga kelele. Nikafungua bandeji mbele yao wote, nikaiweka kwenye moto. Haikung'aa kitu. Kijana akaliona gumba, akarudi nyuma hatua moja, sauti ikashuka. "Ee papa," akasema. "Pole." Wizi ningeupigania. Ile pole sikujua niiweke wapi.

Toka hapo nikaacha bandeji, nikashika jiwe laini la mtoni mkononi, juu ya meza, kila mtu alione. Punje zikapungua. Ngozi ikaanza kufunga kama mdomo wa mtu aliyechoka kugombana. Mke wangu akamtuma kaka yake Wamaza, aombe wale wazee warudi.

Jibu lilikuja kwa barua, limebebwa na dereva wa pikipiki, wakati mke wangu yuko shambani. Kijana ni mwalimu, akaandika Kifaransa, mistari imenyooka. Nilikaa nayo kwenye kiti changu. Binti yangu alikuwa uani anapepeta mpunga, hatua kumi tu. Ningemwita. Ningesema, njoo usome, ni mambo yako. Lakini ningekuwa nimemwambia kwamba baba yake hawezi, na kama ni kukataa, aisome mwenyewe kwa sauti mbele yangu. Nikaigeuza. Nikatafuta neno ninalolijua. Nililiona "non", yaani hapana, mahali, au kipande cha neno jingine, sijui. Jua lilipohama kutoka mlangoni hadi ukutani nilikuwa bado nayo. Mke wangu aliporudi, barua ilikuwa na damu pembeni, na gumba la kushoto lilikuwa wazi kama siku za zamani, wiki zote zile zimefutika kwa alasiri moja.

Akaisoma amesimama, jembe bado begani.

"Wanakuja," akasema. "Siku tatu."

Siku tatu hazifungi gumba.

Walipofika, meza yangu nilikuwa nimeitoa nje. Nilikaa kwenye mkeka, magoti yananiuma, nimezoea kiti. Binti yangu akaja na beseni na jagi, akapiga magoti, hakuniangalia. Nilijua anangoja nitasema nini safari hii. Jogoo mwingine alikuwa pale, chini ya kifuniko.

Kabla maji hayajamwagwa nilifungua mikono yote miwili mbele ya yule mzee.

"Mukwe, angalia kwanza. Si ukoma, si zebaki. Niliwadanganya watu. Najichuna mimi mwenyewe. Naenda kwa muganga, nilikuwa napona, nimeharibu tena juzi. Ukisema hatunawi pamoja, sitakasirika."

Mzee hakuangalia vidole. Aliniangalia mimi.

"Minajua," akasema.

"Unajua?"

"Mbele ya kuja mara ya kwanza nilijua. Binti yako alimwambia kijana, kijana akaniambia: baba, yule mukwe iko na vidonda kwa vidole, usishituke kwenye sahani. Nikasema sitashituka, nimekula na watu wa vidonda vingi kuliko hivyo. Nilifika hapa nimejitayarisha kwa vidole vyako." Akajiweka sawa kwenye mkeka. "Kwa kinywa chako sikujitayarisha."

Ndugu yake, mzee mrefu aliyekaa pembeni, akapiga paja. "Ayi! Pédégé amepimwa leo, na mzani si wake!"

Hakuna mahali pa kujificha kwenye mkeka. Sikuwa na meza. Nilisema nisamehe lile neno la jembe. Nililisema polepole, maana sijazoea.

"Neno lenyewe lilikuwa kweli," akajibu, na akafungua mikono yake pia, karibu na yangu, mipasuko imejaa udongo usiotoka hata kwa sabuni. "Ila ulilisema ukiwa juu. Mama, mwaga maji. Watu wako na njaa."

Binti yangu akamwaga. Maji yakaanguka zaidi kwangu kuliko kwa mzee. Tukanawa katika beseni moja, na maji yakawa na rangi mbili, ya udongo na ya kwangu.

Jogoo alikuwa amepikwa na pilipili na ndimu. Nilipompasua, gumba liliwaka mpaka machozi yakanitoka, na wale wazee, kwa heshima, wakaanza kuzungumzia bei ya karanga. Nikaitafuta firigisi, nikampa. Aliikata katikati kwa meno, nusu akairudisha kwenye kiganja changu. Nikaila.

Kisha wakaanza kusifu: nyumba, bati, pikipiki. Hapo ndipo mkono wa kushoto, chini ya goti langu, uliposogea.

"Mvua inakuja," mke wangu akasema kutoka mlango wa jikoni, akiniangalia.

Yule mzee akachungulia mlangoni. Jua lilikuwa linachoma uwanja mzima. "Mwezi wa saba?"

Binti yangu akacheka. Alijaribu kujizuia, jagi likamponyoka, akacheka zaidi. Nilikuwa sijausikia ule mcheko tangu jogoo wa kwanza. Nikafunga ngumi, gumba ndani.

Sasa binti yangu yuko Wamaza kwa mume wake. Kiti changu kimerudi barazani, mahindi bado yapo mfukoni, machache. Asubuhi naamka kabla ya mke wangu, nachukua ufagio, nafagia mwenyewe chini ya kiti. Siku nyingine ni vumbi tu. Siku nyingine si vumbi, na ninainama, ninaokota vipande vyote, ninavipeleka motoni, kama mtoto wa miaka saba alivyofanya.